Jina la Shangazi Mwikali

Nilipokuwa mtoto, tukiishi mtaa wa Waithaka kwenye ploti ya nyumba za mabati za kupanga, alasiri ilikuwa na sauti yake: dum, dum, dum. Kilikuwa kichwa cha mdogo wangu, Mutheu, kikigonga ukuta. Jua lilipenya kwenye matundu ya misumari na kumwagika sakafuni kama punje za mtama, na katikati ya madoa yale ya mwanga yeye alipiga kelele na kujigonga mpaka mama aache kufua, mimi niache vitabu, majirani wajae mlangoni. Alikuwa na miaka minne na hajawahi kusema neno.

"Huyu mtoto ako na kitu," mwenye ploti alimwambia mama. "Mpelekeni aombewe, ama mhame."

Baba akaamua apelekwe kwa ndugu yake mashambani, mbali na macho ya watu. Kabla siku ya safari haijafika akaja Susu, nyanya yetu mzaa baba. Alikaa alasiri nzima akimtazama Mutheu. Jioni alitangaza kwamba tulikosea jina. Mtoto akilia bila kukoma, yeye aliamini, kuna mtu wa ukoo aliyesahauliwa anayedai jina lake.

"Ni Mwikali," alisema. Huyo alikuwa binti yake, shangazi yetu aliyefariki kabla sijazaliwa. "Mwikali wangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa anakugusa tu mkono. Kwa hivyo huyu akipiga kelele si Mwikali, msimwangalie. Akikugusa, huyo ndiye. Mwitikieni."

Kesho yake, kelele zilipoanza, Susu aliweka mto kati ya kichwa na ukuta, kimya, uso wake ukiwa umeelekea mlangoni. Kelele zikapanda kuliko nilivyowahi kusikia.

"Mama, atajiumiza!" mama alimlilia Susu.

"Huyo wa kelele anaaga," Susu akamjibu. "Mwache aage."

Siku hizo za ukungu wa Julai nazikumbuka kama kitu nilichoota. Alasiri moja Mutheu alinyamaza ghafla, akasogea, akaweka kidole kwenye mkono wa Susu. Susu aligeuka kama mtu aliyeitwa kutoka mbali sana.

"Mwikali! Umekuja!"

Akamkumbatia, akacheka, akamwimbia. Baada ya hapo nyumba nzima ikawa inangoja kuguswa. Kelele zilipungua polepole, na baba hakuitaja tena safari ile. Maneno yalikuja baadaye, moja moja.

Leo nina ofisi Hurlingham, na kazi yangu ni watoto wanaojiuma na kujigonga. Natafuta kinachotangulia kelele na kinachozifuata, kwa sababu mtoto asiye na maneno husema kwa chochote kinacholeta watu mbio. Najua kelele zisipojibiwa huzidi kwanza ndipo zififie. Najua kwamba Mutheu alifundishwa njia nyingine ya kutuita.

Nimewahi kumweleza yeye mwenyewe haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Sasa Susu alikuwa anamkumbatia nani?"

Bado namfikiria Susu, mama aliyezika binti yake. Sisi tulikuwa tumechoka na mtoto wetu. Susu alitupa mtu wa kungoja kwa hamu, na ninashuku kwamba bila hamu hiyo mto ule ungebaki mto tu.

Juzi mama mmoja kutoka Uthiru aliketi mbele yangu, mikono imejaa alama za meno. Mwanawe alikuwa amejikunja chini ya meza yangu.

"Daktari, kanisani wameniambia ni pepo."

Sikumbishia. Nilimuuliza mtoto anapenda nini anapokuwa ametulia. Mama yule aliangalia dirishani.

"Anapenda kunusa sabuni," alisema hatimaye, na kwa mara ya kwanza tangu waingie, akainama kumtazama.