Panga la Madini Adimu

Juzi, katika duka moja hapa Tukuyu, mama mmoja kutoka Mpuguso aliweka kwenye kaunta panga jipya lililopinda. "Nimekata mgomba tu, baba. Nirudishie hela yangu."

Mwenye duka akagonga lebo kwa ukucha. "Mama, hiki ni chuma cha ng'ambo, kina madini adimu. Mkono wako ndio mbaya."

Nilitaka kufoka, lakini mhunzi aliyekuja kununua misumari alinitangulia. Akachomoa panga lake la springi ya gari bovu, akalipiga lile la lebo. Lile la lebo likaingia pengo.

"Langu halina adimu yoyote," alisema. "Ni moto wa kiasi, na kulizamisha kwenye oili chafu."

Mama akarudishiwa hela. Kisha mwenye duka akamnong'oneza mhunzi: "Nifulie mapanga kumi. Lebo ninazo."

Ndilo soko huria, ndugu zangu. Ufundi tulikuwa nao, kumbe tulipungukiwa gundi ya lebo.