Kichuguu cha Nyuma ya Ghala

Juzi pale Malaba, nikingoja malori yasonge nivuke barabara, mama mmoja muuzaji alinimiminia kumbikumbi wa kukaangwa kiganjani. "Onja kwanza, dada. Hawa wametoka Tororo. Huku kwetu wamepotea." Nilionja. Chumvi ilizidi ile aliyotia nyanya yangu, ila ladha ni ile ile, na nikajikuta nimebeba mkebe mzima bila hata kuomba nipunguziwe.

Nyanya yangu alikaa Marachi, na nyuma ya ghala lake la mahindi kulikuwa na kichuguu kilichonizidi kimo. Wewe ungeona udongo tu. Kwake lilikuwa shamba la pili. Asubuhi alijaza chungu mavi makavu ya ng'ombe na magunzi, akakifudikiza kando ya kichuguu. Jioni akikifunua, mchwa wamejaa tele na vifaranga wanakimbia kugombania. Mvua za Aprili zikianza, uyoga uliota ubavuni mwake. Alitukataza kuuchimba kwa jembe. Tuliung'oa kwa vidole, kisha tukafukia mashimo. Alisema mchwa ndio wanaoupanda huko chini, sisi tunavuna tu kilichowashinda kula. Tulimcheka sana. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ni kweli: wanabeba majani makavu, wanayatafuna, kuvu unaota juu yake, nao wanaishi kwa huo.

Mwalimu naye alitufundisha kwamba mchwa ni adui wa mkulima. Niliandika hivyo daftarini, na likizo ile mchwa wakalila daftari lenyewe chini ya kitanda, wakanibakizia jalada. Nilikuwa darasa la saba, na hasira ni hasara, lakini nani angeniambia? Nyanya alipoenda sokoni, nilichukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kupe, nikaimimina kwenye matundu yote. Nilijiona msomi.

Vifaranga ndio waliotangulia, wote saba. Nyanya alidhani ni ugonjwa wa kuku, akawazika nyuma ya choo. Nilimsaidia kuchimba.

Mvua iliyofuata, alikiandaa kichuguu kama ilivyokuwa desturi. Alisimika fito, akafunika kwa blanketi kuukuu mwanga usiingie, akachimba kishimo pembeni na kukitandika majani ya mgomba ili kumbikumbi watumbukie humo. Halafu unalaza gogo juu ya kichuguu, unaligonga kwa vijiti upesi upesi kama matone, mwingine ananyunyiza maji, na kumbikumbi wanadhani mvua imeshuka, wanatoka. Nyanya alinyunyiza. Mimi niligonga.

Tuligonga tangu saa nane. Alikuwa ameshaosha sufuria, ameshawaahidi majirani. Kila alipochungulia chini ya blanketi aliniambia nikaze, nami nikakaza, nikijua. Sumu ilikuwa ujinga wa mtoto, hilo nimejisamehe. Vile vijiti sijajisamehe.

Jua lilipoinama aliondoa blanketi, akapiga magoti na kunusa tundu moja, kisha la pili. Aliinuka polepole akijipangusa udongo. Hakuuliza ni nani.

"Mchwa alikula kitabu moja tu, mjukuu wangu," alisema. "Wewe umemaliza chakula ya watu wote, mpaka ya kuku."

Kisha akanituma maji kisimani.

Siku hizi shamba limegawanywa, ghala halipo, na udongo wa kichuguu ulifyatuliwa matofali ya nyumba ya mjomba. Lakini kabla ya hayo, kila Aprili mpaka miguu ilipomkataa, nyanya alichukua kikapu baada ya mvua ya kwanza, akaenda nyuma ya ghala, akarudi nacho kitupu. Hakunitajia tena jambo lile hata mara moja. Daftari nilinunuliwa jingine wiki ile ile mchwa walipolila la kwanza.