Posa Iliyopewa Siku Saba

Siku ya kwanza kuripoti kazini, katika ofisi ya chifu upande wa Matuga, Chifu wa wakati huo alinipa kalamu ya wino na karatasi moja, akaniambia niandike jina lake mpaka ukurasa ujae. Aliisoma mistari yote, kisha akasema mkono wangu unasomeka, nikae. Huo ndio uliokuwa mtihani wangu wa ukarani. Nyinyi mnaoomba kazi kwa simu mtacheka, lakini mimi nilitoka jasho.

Kazi yenyewe ilikuwa barua: za utambulisho, za kuita watu shaurini, za mbuzi walioingia shamba la jirani. Tulipachika karatasi ya kaboni, ile nyeusi ya kutoa nakala, kati ya karatasi mbili, na ukikosea unaanza upya. Basi mtu alifikiri kabla ya kuandika. Watu walinijia pia nyumbani niwaandikie barua za posa, zile wanazopeleka wazee kumwombea kijana mchumba. Hizo niliziandika polepole, kwa wino wa buluu, na hakuna hata moja iliyorudishwa.

Kisha nikahamishiwa Ukunda, kwa Chifu mwingine, mtu mwema aliyependa mambo mapya kupita kiasi. Kompyuta ilipoletwa aliivisha kitambaa cha kufuma. Nilijifunza ujanja wake upesi: huanzi barua mpya, unafungua ya zamani, unabadilisha jina na maneno ya katikati. Nikajiona bingwa.

Mwanawe alipotaka kumposa binti wa Mzee Hamisi wa Bongwe, Chifu aliikataa kalamu yangu. "Bi Mwanasiti, barua hii itoke kwenye mashine. Wajue wanaozesha kwa watu wa leo."

Nikafungua barua ya kumwita mwenye mbuzi shaurini, nikaigeuza posa, nikaitia bahashani pamoja na asumini. Wazee wakaondoka nayo.

Jioni niliisoma tena kwenye kompyuta, ndipo nikauona mstari wa mwisho ambao sikuufuta: "Ukikosa kufika ofisini katika muda wa siku saba, utachukuliwa hatua za kisheria." Kijana angekosa mke, na mimi kazi, kwa sababu ya mbuzi. Nilipomwambia Chifu, alisema tukienda kueleza tutaongeza aibu, tungoje. Akaifunika kompyuta kitambaa chake.

Siku ya sita Mzee Hamisi akatokea, kanzu na koti, nyuma yake nduguze wanne. Nikasimama, nikampa shikamoo.

"Marahaba," akajibu. "Tumefika, na siku hazijaisha. Binti amekubali. Ila mamake anataka barua ya kuweka sandukuni, iliyoandikwa kwa mkono, isiyotisha watu."

Niliiandika pale pale, na kwa haraka nikaharibu karatasi tatu. Sasa wale wawili wana watoto wanne.

Sisemi kompyuta ni mbaya. Macho yangu ya leo yanazipenda herufi zake kubwa. Nilipostaafu, karani mpya aliniandalia barua ya kuniaga, sifa tele. Niliisomea nyumbani. Chini kabisa mstari wangu ulikuwa unaningoja: nikikosa kufika ofisini katika muda wa siku saba, nitachukuliwa hatua za kisheria. Nilicheka mpaka nikatoka machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko, maana ofisi ile nilikuwa nimeanza kuikumbuka.

Siku ya sita nikavaa buibui langu, nikaenda.