Bwana Ngano Aliponyeshewa

Mwezi uliopita nilirudi Tabora, nikamkuta shangazi ameanika michembe uani. Harufu ile ya viazi vitamu vikikaukia juani ikanirudisha, rafiki yangu, kwa babu na bibi, na kwa kitabu kimoja kikuukuu cha Kiingereza.

Babu alikuwa mwalimu mstaafu. Kitabu aliachiwa na padri aliyekuwa akirudi kwao: jalada la ngozi, kurasa rangi ya chai, kikieleza jinsi biashara inavyotajirisha nchi. Kiliandikwa elimu ya uchumi ilipokuwa ndiyo kwanza inazaliwa. Mwanzoni palikuwa na picha ya mwandishi, nywele za bandia zimemfika mabegani. Bibi alipoiona aliuliza, "Mama huyu ni nani?" Baadaye akambandika jina la Bwana Ngano, maana bei ya ngano haikumtoka mdomoni.

Jioni, sisi wajukuu tukimenya karanga, babu alisoma, akatufasiria, kisha akaanza kugombana na Bwana Ngano.

"Ati biashara hunufaisha pande zote! Wapagazi waliopita njia hii na meno ya tembo mabegani, walinufaika nini?"

Bibi, mwiko mkononi, alimjibu, "Mwache mwenzio, hayupo kujitetea."

Msimu mmoja wa mvua paa likavuja. Tukakuta kitabu kimelowa chapachapa.

"Basi," babu akasema, "kakitupeni."

Bibi akamgeukia. "Si ulitusomea kwamba alikufa kabla hakijachapwa?"

"Ndiyo."

"Mtu amekufa hajaiona kazi yake, sisi tuiache ioze?"

Jua lilipochomoza akaondoa michembe yake jamvini, akakilaza kitabu. Tulifunua ukurasa mmoja mmoja, tukipepea kwa ungo, tukifukuza kuku. Michembe iliota ukungu, bibi hakulalamika. Kitabu kilikauka kimevimba kama mkate. Babu alipokifungua tena alisoma taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Haukupita muda, yeye na Bwana Ngano wakagombana.

Babu na bibi wametangulia. Kitabu ninacho mimi, na chuoni nilisoma vingine vingi vya uchumi. Sijapata tena kulala nikisikia watu wazima wakibishana juu ya marehemu wa Ulaya, kana kwamba kesho atapita mlangoni kuomba maji ya kunywa.