Zamu ya Mzee wa Utaratibu

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mpambe wa Bunge. Kazi yenyewe ni hii: unavaa koti jeusi na glavu nyeupe, unabeba siwa, lile rungu la heshima la Bunge, begani, unaingia ukumbini mbele ya Spika, unailaza mezani, halafu unakaa kimya mpaka jioni. Mbunge akikaidi, unamtoa nje. Miaka yote ya kazi hakuruhusiwa kusema hata neno moja mle ndani. Akaja kuyamalizia nyumbani.

Kwake hakuna aliyeongea bila kunyoosha mkono. Watoto walipogombana, mmoja hakuweza kumwita mwenzake mwongo. Ilibidi aseme, "Ndugu yangu anatoa maelezo yasiyo sahihi." Dada akianza kueleza kwamba paa la jikoni linavuja, shemeji alinyanyua kidole: "Mama, hoja iliyo mezani ni sare za shule. Subiri zamu yako." Paa likaendelea kuvuja kinyume cha kanuni. Majirani wakambandika jina la Mzee wa Utaratibu, naye, maskini, akadhani wanamsifu.

Niliwahi kwenda kumtazama kazini. Nikasikia waheshimiwa wakitukanana kwa adabu hadi nikaona haya mimi niliyekaa juu kwa wageni.

"Mheshimiwa Spika, kwa heshima zote, rafiki yangu yule amelala tangu asubuhi."

"Taarifa, Mheshimiwa Spika! Silali. Nimefumba macho nisimwone."

Spika anawaambia wafute kauli. Wanafuta, kisha wanairudia kwa maneno marefu zaidi. Shemeji, pembeni ya siwa yake, uso umekunjuka kwa raha.

Alipostaafu aliambiwa kutakuwa na hoja ya kumshukuru. Wiki nzima alipiga pasi suti ileile. "Nataka jina langu lisikike mle ndani," akaniambia. "Mara moja tu, shemeji. Basi." Hakuwa na utani, na mimi nilimwonea huruma, ingawa si tabia yangu.

Tukakaa jukwaa la wageni, yeye, dada na mimi. Mtoa hoja akasimama.

"Mheshimiwa Spika, naomba Bunge lako limshukuru mtumishi wetu mwaminifu, ndugu—"

"Kuhusu utaratibu!" Mwingine huyo kasimama, anadai zamu ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama kwanza. Wa tatu akasema huyo anayedai kusimama kwanza hana tai, na asiye na tai, kwa mujibu wa kanuni, hajasimama. Spika akasoma kanuni. Akatokea wa kuomba ufafanuzi wa kanuni. Asiye na tai akaazima tai, akataka zamu ihesabiwe upya. Shemeji alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila kifungu, huku kanuni zikimla mchana kweupe.

"Waheshimiwa, muda wetu umekwisha," Spika akasema. Watu wakaanza kukusanya makaratasi.

Hapo shemeji akasimama. "Mheshimiwa Spika, mimi mwenyewe nipo hapa! Naitwa—"

Mgeni hasemi Bungeni. Hilo kila mlinzi wa pale analijua, na aliyewafundisha ni yeye. Mwanamke aliyemrithi kazi alipanda ngazi na glavu zake nyeupe, akamshika kiwiko. "Mzee wangu, nisamehe. Tutoke."

Hakubisha. Mlangoni akageuka, akainama kuelekea kiti cha Spika, kisha akamnong'oneza yule mwanamke, "Na wewe inama, binti yangu. Umesahau." Nilicheka, sikatai. Halafu nikaona anajipapasa bega lake la siwa, kicheko kikaniishia.

Jioni tukakaa mezani kwao. Watoto kimya, kama walivyolelewa. Jikoni matone yalikuwa yanagonga sufuria lililotegwa chini ya paa. Shemeji hakula. Alikitazama chakula chake, na mwishowe, taratibu, mzee mzima, akanyoosha mkono kuomba kuongea.

Dada akautazama ule mkono. Nilimwona akitaka kumhurumia. Kisha tone likagonga sufuria.

"Subiri zamu yako, baba," akasema, akiendelea kupakua. "Wa kwanza kusimama nilikuwa mimi."