Uso wa Kupe

Juzi nilikuwa Tabora kwenye harusi ya mpwa wangu. Nikamkuta mwali ameketi mbele ya kioo, fundi wa kumpamba anamchora nyusi kwa brashi ndogo, na mara nikafunika uso kwa viganja. Wenzangu wakadhani ni furaha. Wapi. Mimi mtu kupakwa uso kunanitia hofu mpaka leo, na acha nikusimulie kwa nini, maana najua wewe hutanicheka.

Nilikuwa darasa la sita pale Gongoni, miaka ile ya Ujamaa, asubuhi tunalima shamba la shule, mchana tunaimba siasa. Wageni wa wilaya walikuwa wanakuja, na mwalimu wetu wa michezo akanipa nafasi ya kupe katika igizo la shule, yule mnyonyaji anayekula jasho la wenzake. Kila shule ilikuwa na kupe wake wa mto tumboni na kofia kubwa. Mwalimu hakumtaka huyo. "Nataka mchekeshaji ambaye hajaonekana popote," alisema. "Uso wake utoke kichwani mwako." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Nilijifungia jikoni kwa bibi yangu. Weupe niliupata kwenye unga wa muhogo, nikaukanda na mafuta ya karanga. Weusi ulikuwa masizi ya chungu cha mlenda. Nyusi nilizifinyanga kwa nta, maana bibi alikuwa ametoka kuchuja asali, na nta ukiipasha vidoleni inalainika na kushika ngozi. Nilijaribu mdomo mpana, mdomo mdogo, mdomo wa samaki, yote upuuzi mtupu. Siku ya nne nikauchora upande mmoja ukicheka na upande wa pili ukiporomoka mpaka kidevuni, na jicho la upande huo nikalilegeza kwa nta. Nilijicheka kwenye kipande cha kioo mpaka nikakohoa. Nilikuwa na hakika nimebuni mwenyewe.

Sasa sikiliza. Jirani yetu alikuwa Mzaramo, mstaafu wa reli, na bibi yangu Mnyamwezi. Tangu enzi za wapagazi wetu kupita nchi ya Wazaramo wakielekea pwani, makabila hayo mawili ni watani, na wazee hao wawili walitukanana kila asubuhi juu ya ua, kwa raha zao. Mtani hakasiriki, akikasirika, yeye ndiye mwenye kosa. Lakini mvua za mwaka ule jirani alipatwa na kiharusi, mdomo ukaenda upande, akajifungia ndani. Bibi naye akanyamaza. Akawa anampelekea uji kwa adabu, "pole, kaka," na hiyo adabu ndiyo iliyotutisha nyumbani. Bakuli la uji nilikuwa nalibeba mimi, kila siku.

Siku ya wageni nikatoka nyuma ya pazia la kanga. Uwanja ukaangua kicheko. Kisha benchi la mbele likanyamaza, likafuata la pili, mpaka nikaisikia bendera inavyopigwa na upepo. Nikatazama walikotazama. Jirani alikuwa amekuja, mara yake ya kwanza kutoka nje tangu augue, ameketi kando ya bibi. Nilikuwa nimevaa uso wake. Nikasahau maneno yote ya kupe. Nilijua mzee yule akiondoka vile hatatoka tena nje maisha yake yote, na aliyemfungia mlango ni mimi.

Akainuka. Akaja na fimbo yake, polepole, hadi mbele yangu. Akachovya kidole kwenye masizi ya shavu langu, akajipaka kwenye ule upande wa uso wake usiougua, akawageukia watu.

"Wanyamwezi wezi," alisema kwa mdomo mzito. "Hata mdomo wameniibia."

Hakuna aliyecheka. Nikamwona bibi anasimama.

"Tumeuokota tu, Mzaramo. Si ulikuwa unadondoka?"

Uwanja mzima ukalipuka, na jirani mwenyewe akacheka. Wageni wa wilaya walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Kesho yake matusi yakarudi uani, na jirani akaanza kukaa barazani kwake kama zamani.

Siku hizi utani wa namna ile siuoni. Vijana hawajui nani mtani wa nani. Ukimgusa mtu anakununia mwaka mzima, au mnaombana radhi kwa simu, yamekwisha. Bibi hayupo, jirani hayupo, pale uani pamejengwa fremu za maduka. Nasikitika, tena sana. Lakini utani ule ulioniokoa ulininyima kitu pia. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba ndipo umemtukana kweli, umemwambia yeye ni mgonjwa tu. Kwa hiyo sikumwomba, mpaka tukamzika. Watu wote siku ile walimwona akicheka. Mimi nilikuwa karibu, kidole chake shavuni kwangu, na kilikuwa kinatetemeka.