Tipster wa kulipia alinipatia mara tano mfululizo, na ndiyo maana nimeacha kumwamini

Wakuu, salaam kutoka Kibondo, huku kwenye baridi ya asubuhi.

Kila wiki naona mtu anauliza humu kama hawa tipster wa kulipia, wanaouza utabiri wa mechi, wanaaminika. Majibu huwa ni matusi, au mtu anatupia link ya tipster wake. Leo nijibu kwa yaliyonikuta mwenyewe. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na sehemu zinazonifanya nionekane mjinga.

Nitaeleza polepole, maana jambo hili ukiruka hatua moja hulielewi.

Nina duka dogo la pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za wadudu. Wateja wangu wengi ni wakulima wa Murungu na Kitahana. Kazi yangu kubwa kuliko hata kuuza ni kueleza. Mtu anakuja na pakiti ya mbegu aliyouziwa mnadani, haina lebo, nakaa naye nusu saa namwonyesha kwa nini asiipande.

Shikeni hilo. Mimi ndiye mtu wa lebo.

Kubeti nilianza kama wengi wetu, mkeka wa shilingi elfu Jumamosi, timu zikikuangusha ukachanika unacheka, maisha yanaendelea.

Halafu mwaka huu mteja mmoja akanisikilizisha voice note ya jamaa anayejiita Profesa. Kabla ya kusema lolote kuhusu mpira, jamaa akasalimia kwa Kiha: "Mwakeye!" Akaendelea kwa Kiswahili chenye lafudhi ileile ya nyumbani. Akasema yeye ni mtoto wa Buha, yuko Dar, ana watu wake ndani ya makampuni ya kubeti, na ameamua kuwainua ndugu zake kwanza.

Wakuu, hapo ndipo niliponaswa. Angenisalimia "niaje mwanangu" ningempita kama ninavyowapita wengine. Lakini sisi Waha tukiwa mbali na kwetu, au hata tukiwa kwetu, mtu akikusalimia kwa lugha yako unaanza kumtafutia ukoo. Nilishaanza kuwaza labda ni wa Kasanda huyu, au mama yake ni wa Heru. Sikuuliza lebo.

Ada ilikuwa elfu kumi na tano kwa wiki. Kila wiki tip moja tu, ya magoli: ama mechi itakuwa na magoli matatu na kuendelea, ama itakuwa chini ya matatu. Na sharti moja kubwa: ukivujisha tip kwa mtu yeyote, hata mkeo, unatolewa, kwa sababu eti makampuni yatashtuka na kushusha odds, malipo yapungue.

Wiki ya kwanza, tip ikatiki, hela ikaingia. Ya pili ikatiki. Nikapokea ujumbe kwamba nimepandishwa daraja kwenda group la watu wachache. Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani. Ya tatu ikatiki, nikapandishwa tena. Ya nne ikatiki.

Nikaanza kujisifu. Na hapa ndipo kosa langu linapoingia.

Tangu mwanzo nilikuwa nimempa link shemeji yangu Filimoni, mdogo wake mke wangu, anayeendesha bodaboda Kasulu. Yeye alijiunga siku ileile niliyojiunga mimi. Tips hatukuambiana, sharti tuliliheshimu. Ila kila nikishinda nilimtumia screenshot ya hela iliyoingia. Naye alikuwa ananitumia za kwake.

Kwa hiyo kila mmoja alikuwa shahidi wa mwenzake. Mimi namwamini Profesa kwa sababu Filimoni anashinda, Filimoni anamwamini kwa sababu mimi nashinda.

Mwezi wa tano tukaenda ukweni, upande wa Makere, kusaidia kupiga maharage. Ni desturi ya pale, maharage yakishakauka watoto na wakwe wote wanaitwa, mnatandaza turubai uwanjani, mnapiga kwa fimbo mpaka maganda yaachie. Ilikuwa Jumamosi.

Nilifika nikakuta pikipiki ya Filimoni imeegeshwa kivulini inang'aa. Imeoshwa mpaka spoku. Siku ya vumbi kama ile!

Nikamwuliza, "Shem, unaoa leo?"

"Kuna mgeni anakuja kuiangalia."

"Kuiangalia ya nini?"

Akanivuta pembeni. Profesa alikuwa ametangaza kwamba wiki hii ni mechi maalumu, iliyopangwa matokeo, ya mwisho wa msimu, na kila mtu aweke alichonacho. Hilo hata mimi nilikuwa nimelipata. Filimoni akaamua kuuza pikipiki. Mnunuzi ni Mzee Shabani, mwenye duka la vipuri Kasulu mjini, anakuja saa tisa na hela mkononi.

"Nauza moja, kesho nanunua mbili," akasema. "Moja naendesha, moja namkabidhi mtu ananiletea hesabu. Wewe si umeshashinda mara nne? Mimi mara nne. Kuna nini tena hapo?"

Wakuu, ile pikipiki ndiyo inalisha mke, watoto wawili na hao wazee wawili tuliokuwa tunawapigia maharage. Moyo ulisita. Lakini ningesema nini, wakati ushahidi wake nusu ni mimi mwenyewe? Nikasema tu, "Tusubiri tip kwanza."

Tukarudi kwenye fimbo.

Saa nane na nusu hivi, simu ya Filimoni ikalia. Mikono ina vumbi, akabonyeza palepale aliposimama, sauti juu: "Mwakeye!"

Mama mkwe alikuwa amekaa na ungo anapeta. Akaitikia kwa adabu zote, "Mwakeye, mwanangu."

Tukacheka. Hatujamaliza kucheka, yangu nayo ikalia. Nikabonyeza. "Mwakeye!"

Mama akatua ungo. "Huyu mtoto amelala wapi? Saa nane hii ndiyo anaamka? Na kwa nini anawaamkia wawili wawili?"

Maana hiyo ni salamu ya asubuhi, wakuu. Profesa alikuwa amerekodi salamu mara moja anaibandika kwenye kila kitu.

Lakini sikuwa nacheka tena, kwa sababu nilikuwa nimeisikia ya Filimoni yote. Timu zilezile, mechi ya saa kumi na moja jioni. Yake ilisema magoli matatu na kuendelea, "hii ni ya uhakika, uza hata shati". Yangu ilisema chini ya magoli matatu. "Hii ni ya uhakika, uza hata shati."

Sauti ileile, mechi ileile, siku ileile.

Filimoni akairudia yake. Akachukua simu yangu akairudia yangu. Kisha akasema jambo ambalo hata leo nalielewa: "Basi mmoja wetu amepewa ya kweli. Ya kwako ndiyo yenyewe, wewe ulianza kumjua. Naweka hela kwenye yako."

Nikamwambia kaa chini. Nikaokota punje za maharage nikahesabu thelathini na mbili, nikaziweka juu ya turubai.

"Tuseme hawa ndio watu waliojiunga siku moja na sisi, ingawa wenyewe ni wengi zaidi," nikasema. "Wiki ya kwanza Profesa hajui lolote. Anawaambia kumi na sita magoli yatakuwa mengi, kumi na sita wengine anawaambia machache. Mechi ikiisha, kumi na sita lazima wameshinda. Hata kama yeye amelala."

Nikafagia kumi na sita pembeni.

"Hawa waliokosa anawafungia group. Waliopatia anawapandisha daraja, anawagawa tena nane kwa nane. Wiki ya pili wanabaki nane. Ya tatu wanne. Ya nne wawili."

Zikabaki punje mbili.

"Hawa wawili wameona tip nne zimetiki mfululizo. Wanaweza kuapa mbele ya mtu yeyote. Na hawadanganyi."

Filimoni akaziangalia zile punje. "Ni mimi na wewe."

"Leo ametugawa mimi na wewe."

Akauliza, "Na hawa thelathini, mbona hawasemi?"

Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe. Pale kijiweni kwake Kasulu kulikuwa na dereva mwenzake, Jofrey, aliyejiunga siku moja na sisi. Wiki ya kwanza tip yake ilikosa na group likafungwa. Wakamcheka mwezi mzima kwamba hana nyota. Hakuna aliyemwuliza alipewa tip gani.

"Tulimcheka," akasema Filimoni. "Kumbe alikuwa punje."

Mzee Shabani akafika saa tisa kamili, kanzu nyeupe, kofia, amepakizwa kwenye bodaboda nyingine. Filimoni akamweleza kwamba haiuzwi tena.

"Kijana, umenitoa dukani Jumamosi nije kusalimia mashine?"

"Unisamehe, mzee wangu."

Mzee akaizunguka ile pikipiki, akaigusa tairi. "Si vibaya. Kwa bei uliyonitajia nilijua una njaa au una wazimu. Nilikuwa nakuja kujua ni kipi."

Mama mkwe, ambaye alikuwa amesikia kila kitu ingawa hakuna aliyemwambia, akampimia maharage mapya kwenye mfuko. Mafuta ya Mzee Shabani yakalipwa hivyo, akaondoka anacheka.

Mechi tuliifuatilia kwa simu, hakuna aliyeweka hata shilingi. Ikaisha moja bila.

Yaani tip yangu ilitiki. Mara ya tano.

Sasa nataka niseme ukweli niliowaahidi. Dakika ile, pamoja na kujua kila kitu, pamoja na punje zangu mwenyewe zilizokuwa bado kwenye turubai, kidole changu kilitaka kulipia wiki ya sita. Group langu lilikuwa linashangilia, watu wanatuma screenshot, Profesa anasema "si niliwaambia?" Kama nisingekuwa ukweni siku ile, leo ningekuwa humu nawatupia link yake, tena kwa roho safi.

Group la Filimoni lilikuwa na ujumbe mmoja: mmoja wenu amevujisha, mechi imeharibika. Kisha likafungwa.

Mimi nikaandika kwenye langu nilichokiona. Sijui kama kilisomwa hata na watu watatu kabla sijatolewa.

Sasa, je, tipster wote ni matapeli? Hapana, sitasema hivyo. Wapo wanaochambua mpira kwa bidii na kuuza uchambuzi wao. Lakini hata huyo mkweli anauza maoni, hauzi uhakika. Mwenye kuuza uhakika anaishi kwa ada yako, si kwa matokeo ya mechi. Ukipatia amelipwa, ukikosa amelipwa.

Ukitaka kumpima, fanya ninavyowafundisha wateja wangu kwenye mbegu. Usiulize imeota kwa nani, uliza imekataa kwa wangapi. Tipster aonyeshe tips zake zote hadharani, zilizowekwa kabla ya mechi, zilizotiki na zilizochanika, watu wote wanaona kitu kimoja. Akikuambia ni siri, hiyo siri inamlinda yeye, haikulindi wewe.

Na usijione mjinga kama ulishaingia. Ushahidi ulikuwa halisi, ulishinda kweli. Ulionyeshwa punje mbili tu na kufichwa thelathini, basi. Kama umeshafika pa kuuza kitu kinacholisha nyumba, zungumza na mtu wa kwenu leo, kabla mnunuzi hajafika.

Jumatatu Filimoni alinipeleka stendi ya Kasulu kwa pikipiki ileile, debe la maharage limefungwa nyuma. Njiani alisimama kijiweni kwa Jofrey. Hakuzima hata injini.

"Jofrey, wiki ile ya kwanza ulipewa tip gani?"

Jofrey akatuangalia kama anayesubiri kuchekwa tena. "Magoli mengi. Kwani nyie mlipewa ipi?"

Filimoni akazima injini, akashuka, akampa mkono. "Machache," akamwambia.

Basi wakuu, uwanja ni wenu. Ila kama una tipster wako anayekupatia kila wiki, kabla hujanijibu, mtafute Jofrey wako, yule mliyejiunga pamoja akapotea mapema. Muulize swali hilo moja, halafu njoo utuandikie alichokujibu.